Grafu imeshasahau

Wiki hii ule mteremko wa wasomaji wa tovuti yangu ya cherehani umetoka kwenye grafu. Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyopatikana kwenye utafutaji, hutunza takwimu za miezi 16 tu. Kila siku mpya inayoingia kulia huisukuma nyingine nje kushoto, na Machi 2024 imeshasukumwa. Nikifungua leo naona mstari uliolala chini, kana kwamba ile tovuti ya cherehani haikuwahi kupata wasomaji.

Wa siku nyingi mnaikumbuka. Kurasa 47 niliziandika kwa mkono, miaka na miaka. Kisha ndani ya wiki 3 nikaongeza 565 za akili mnemba: jedwali la majina ya mashine, agizo moja, programu inajaza jina na kuchapisha usiku kucha. Utetezi nilikuwa nao. Februari 2023 Google ilisema haijali maandishi yametengenezwa vipi, inachotazama ni ubora. Hayo maneno ya mwisho niliyapitia haraka.

Tarehe 5 Machi 2024 Google ikatangaza sera mpya za taka (spam): kuzalisha kurasa kwa wingi ili kunasa nafasi kwenye matokeo ni kosa, awe amezalisha mtu, mashine au wote wawili.

Kesho yake niliandika kwenye Google site: na jina la tovuti, bila kuacha nafasi katikati, amri inayoonyesha kurasa za tovuti ambazo Google inazo. Hakuna matokeo. Nikadhani nimekosea herufi. Nikarudia polepole, kwa kidole kimoja. Hakuna, hata ukurasa wa mwanzo. Kwenye Search Console kulikuwa na notisi ya taka, na notisi maana yake kuna mkaguzi aliyeamua. Algoriti ikikushusha haikuandikii barua, wala huna pa kukata rufaa.

Ndipo nikafungua kurasa zangu na kuzisoma, kwa mara ya kwanza. Ya kwanza ilihusu kuweka bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini: "hakikisha uzi unaelekea upande sahihi." Upande upi? Kwenye mashine nyingi za bobini ya kudumbukiza kwa juu, ukivuta uzi bobini inatakiwa izunguke kinyume cha saa. Ukiigeuza, uzi haukai kwenye springi ya mkazo na unavutwa juu ya kitambaa. Nikafungua ya pili: sentensi ileile, jina jingine la mashine. Ya tatu vilevile. Nilifika ya 20 nikaacha.

Usafi wenyewe nilianza vibaya. Niliweka noindex (alama ya kuiambia Google isiuorodheshe ukurasa) kwenye kurasa zile, halafu nikazifungia kwa robots.txt, faili linaloiambia roboti ya Google isiingie wapi. Roboti ikizuiwa mlangoni haiwezi kuisoma noindex iliyo ndani. Nikafungua, nikazifuta kabisa, seva ikawa inajibu 410, yaani ukurasa umeondoka moja kwa moja, nikaziondoa na kwenye ramani ya tovuti. Kile kifaa cha Google cha kuondoa kurasa sikukitegemea, maana huficha kwa takriban miezi 6 tu.

Ombi la kwanza la kukaguliwa upya likakataliwa. Niliandika "nimesafisha", kumbe kurasa 118 za lebo zilikuwa bado zinaelekeza kwa marehemu, zile kurasa nilizofuta. La pili nikaeleza nilichofanya, nilichofuta na nilichobadilisha kwenye uchapishaji ili yasijirudie, pamoja na mifano ya viungo. Likapita. Kurasa zikarudi kwenye faharasa, orodha ya Google. Nafasi za zamani hazikurudi. Kuondolewa adhabu si kurudishiwa cheo.

Ukurasa unaosomwa zaidi sasa, rasimu yake iliandikwa na mashine. Nilikaa nao siku 2 na cherehani 4 mezani, nikijaribu kila hatua na kufuta karibu nusu. Zile 47 za jasho langu zipo, ila 31 hazijapata mbofyo hata mmoja mwaka huu. Juzi nimezisoma tena. Kadhaa, nikiwa mkweli, zilistahili kwenda na zile 565.