Siku moja maishani mwangu: Sikukuu ya Jamhuri ya 1970, baharini Ngomeni, karibu na Malindi

Saa kumi alfajiri. Mama watoto ananifungia mahamri huku amenuna. Ni tarehe 12 Desemba, nchi inatimiza miaka saba ya uhuru, watu wanakwenda kutazama gwaride, nami nakwenda kazini. Namwambia roketi haijui sikukuu. "Na wewe je?"

Saa kumi na moja na nusu boti inatoka. Kaskazi inavuma, tunafika tumelowa. Mbele yetu majukwaa mawili yamesimama baharini kwa miguu ya chuma: San Marco, panaporushiwa roketi, na Santa Rita, penye chumba cha kuongozea. Profesa Luigi Broglio na Waitaliano wenzake walipachagua hapa kwa kuwa ni karibu na ikweta. Dunia inavyozunguka, huku ndiko inakokupa msukumo mkubwa zaidi wa bure kuelekea mashariki, na mashariki yetu ni maji matupu.

Saa moja asubuhi, plagi. Watu hudhani fundi wa roketi anahangaika na moto. Mimi nahangaika na chumvi. Fungua, mulika tochi, futa kwa spiriti, funga, nenda inayofuata. Leo simu ya kuzungumza na Santa Rita inakwaruza. Plagi ya kumi na kitu naikuta na pini iliyoota kijani, uchafu hata punje ya mchele haufiki. Naikwangua polepole kwa ncha ya kisu, jasho linanidondoka puani, nakunja shingo lisiangukie humo: nalo ni chumvi vilevile. Simu ikanyamaza makelele.

Tukahamia Santa Rita. Ng'ambo imebaki roketi yetu, Scout, peke yake, hatua nne za fueli kavu, na kileleni setilaiti ya Wamarekani ya kilo 140 hivi, yaani gunia moja na nusu la mahindi.

Saa nane kasoro dakika saba. Mwanga, kisha ngurumo inayokuingia kifuani. Haikupanda kwa madaha, ilichomoka. Nilikuwa bado nautafuta moshi kwa macho, yenyewe imeshapotea.

Kazi ya setilaiti ile ni kutafuta nyota zinazotoa eksirei. Hewa ya dunia huizuia mionzi hiyo, kwa hiyo chini hapa huioni hata uwe na darubini ya namna gani. Kundi la mwanasayansi Riccardo Giacconi ndilo lililotengeneza vifaa vyake, na hakuna setilaiti iliyowahi kutumwa kwa kazi hiyo tu kabla yake. Wakaiita Uhuru, kwa heshima ya siku yetu. Hilo lilinipendeza kuliko gwaride.

Saa mbili usiku niko nyumbani, mikono inanuka spiriti. Mtoto anauliza imekwenda wapi. Namwambia inaizunguka dunia kwa dakika 96, na tangu mchana imeshatupitia juu kama mara tatu.

Akatoka nje, akakaa huko muda, akarudi.

"Baba, mbona sijaiona?"