"Imekufa hiyo, shemeji"

"Imekufa hiyo, shemeji. Tupa, zama zake zimepita." Shemeji kasema hivyo kuhusu modemu ya Mzee, huku anafuta mchuzi kidoleni, tena mbele ya Mzee mwenyewe. Nami nikajibu, "Sawa, shemeji." Sawa ya nini? Harusi ya mdogo wetu imepita, wageni wa Muheza wamerudi kwao, na mimi bado nabishana na kile kidole chenye mchuzi.

Mnaijua ile Pentium ya Mzee, kompyuta ya zamani ya dukani: Windows 98, ndani kadi ya modemu (ya kupiga simu na kutuma faksi) ya aina ya zamani iitwayo ISA, nyuma mausi ya siriali. Na mnamjua yule mteja wake asiyetaka kitu ila faksi. Ushahidi wa shemeji ulikuwa mmoja: modemu ikipiga simu tu, mausi inaganda. Sasa modemu iliyokufa inagandishaje mausi ya mtu?

COM ni majina ya poti za siriali. Mausi iko COM1, na jampa za kadi, vile vipini vya kuchagulia poti, ziko COM3. Anwani ni tofauti, 3F8 na 3E8, ila kwa kawaida zote mbili hutumia IRQ 4, yaani njia moja ya kuita prosesa, na kadi za ISA hazijui kugawana IRQ. Programu ikifungua modemu, mausi inaita prosesa na hakuna anayeitika. COM2 na COM4 zina ugomvi uleule kwenye IRQ 3.

Kwa hiyo: zima, chomoa umeme na waya wa simu, toa kadi, hamisha jampa ziwe COM2, yaani 2F8 na IRQ 3. Ukiishia hapo umehamisha ugomvi tu, maana madabodi nayo ina COM2 yake. Ingia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows kuwaka, uizime poti ya pili ya siriali, kisha ndani ya Windows futa modemu ya zamani kabla ya kuitafuta upya. Kama COM2 ina kazi nyingine, jaribu COM3 kwa IRQ 5, lakini angalia kwanza: kadi za sauti za Sound Blaster huipenda sana hiyo 5.

Nikafungua HyperTerminal, programu ya kuiandikia modemu amri, nikaielekeza COM2, nikaandika AT, yaani "upo?"

OK.

Wallahi nilicheka peke yangu. (Usipoona unachoandika, ATE1. Usipopata jibu lolote, AT&F ya kurudisha mipangilio ya kiwandani, halafu ATQ0V1 ya kuiambia ijibu kwa maneno, maana huenda imeamriwa kunyamaza.)

Furaha ikakatwa na NO DIALTONE, yaani modemu haisikii mlio wa laini. Hapa wengi ndipo wanapoizika modemu ikiwa hai. Dukani kwa Mzee kuna mashine ya simu za ndani, na mlio wake si ule modemu inaousubiri. ATX3 inaiambia ipige bila kungoja mlio, na simu ikiwa bize bado itajua. Kutoka nje ni ATX3DT9 (DT ni piga, 9 ni ya laini ya nje), halafu mkato, halafu namba. Ule mkato ni sekunde mbili za kusubiri laini. X3 iandikwe kwenye mipangilio ya ziada ya modemu, la sivyo programu ya faksi ikianza na amri zake, imefutika.

Faksi ikatoka, kurasa zote. Mzee kasema tu, "Haya." Shemeji anakuja Jumapili. Nimeshapanga kuwasha mashine kabla hajanawa mikono, nimwachie yeye mausi.