Kahawa ya Kweli Vicksburg, 1863

Katikati ya riwaya hii, mama mwenye nyumba anawamiminia wageni kahawa. Tuko Vicksburg, Mississippi, Juni 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini yenye utumwa. Jeshi la Kaskazini la Jenerali Grant limeuzingira mji tangu Mei, mizinga hailali, raia wamechimba mapango vilimani wakahamia humo, na wengine wameshaanza kula nyama ya nyumbu waliokuwa wakivuta mikokoteni. Na huyu mama ana kahawa! Manowari za Kaskazini zilikuwa zimefunga bandari, na huko Kusini watu walikaanga mbegu za bamia, viazi vitamu au mahindi, wakasaga, wakajidanganya kuwa ni kahawa. Gazeti la mji liliishiwa karatasi likachapishwa nyuma ya karatasi za kupambia ukuta. Mwandishi gani anaacha vitu kama hivi? Huyu kaviacha, akatupa vikombe vya kaure na barua za uchumba.

Kahawa ningeisamehe. Kilichonishinda ni watumwa. Familia hii ina shamba kubwa la pamba nje ya mji, na mwaka 1860 watumwa walikuwa zaidi ya nusu ya watu wa jimbo lile. Humu wenye majina ni wawili, mpishi na mtunza farasi, na kazi yao kubwa ni kulia bwana akijeruhiwa. Jamani! Tangazo la Rais Lincoln wa Kaskazini la kuwaacha huru lilianza kutumika Januari 1 mwaka huohuo. Watu walikuwa wakitoroka mashambani kukimbilia kambi za Kaskazini. Juni 7, huko Milliken's Bend, ng'ambo ya mto upande wa Louisiana, watu waliokuwa watumwa juzijuzi tu walipigana na jeshi la Kusini ana kwa ana, kwa singe na vitako vya bunduki. Kule shambani hakuna hata mtu mmoja anayenong'ona habari hizo.

Halafu kuna kaka mkubwa, anayesifiwa sura nzima kwa kubaki na mama yake. Sheria ya Kusini ya Oktoba 1862 iliruhusu mzungu mmoja asiende vitani kwa kila watumwa 20 shambani. Wakulima maskini waliokuwa mahandakini waliichukia mno, wakisema vita ni ya tajiri, kufa ni kwa maskini. Mdogo wake yuko handaki moja na hao wakulima! Ugomvi umejileta wenyewe mlangoni, mwandishi hakufungua.

Kuandika anajua, hilo simnyimi. Mto Mississippi alfajiri ameuchora vizuri sana, nimerudia kurasa zile kwa raha.

Lakini Julai 4 mji unasalimu amri, askari zaidi ya 29,000 wanaweka silaha chini, naye mwandishi anamaliza yote kwa aya moja ili awahi harusi. Harusi yenyewe ina sura tatu. Bwana harusi ni yuleyule aliyebaki nyumbani.