Namba 22 kwenye Corolla yangu

Wiki mbili gari lilinuka petroli, na likishapata moto lilikuwa gumu kuwaka. Fundi mmoja alitaka nibadilishe plagi na pampu ya mafuta. Nikakataa. Corolla yangu ya 1993, toleo la AE100, haina soketi ya mashine za siku hizi, lakini chini ya boneti kuna kiboksi chenye mfuniko: unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Mbili, ikatulia, mbili tena. 22: sensa ya joto la maji.

Wengi hapo hukimbilia dukani, na inaniuma. Namba inataja njia nzima, waya na soketi yake pia! Nikapima ukinzani wa umeme wa sensa kwa mita: injini baridi, oumu 1,900, ya moto, 300 hivi. Nzima kabisa. Soketi ndiyo iliyojaa kutu ya kijani (chumvi ya Tanga hii), kompyuta ikadhani injini ni baridi, ikamwaga petroli. Nikaisugua kwa mswaki, nikachomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) kwa dakika moja kufuta kumbukumbu ya kompyuta.

Jana nilizima Mgandini injini ikiwa moto. Likawaka papo hapo.