Jinsi tulivyopeleka kipimo cha presha kwa akina mama wa Kongo, Houston

Nilipochaguliwa kutunza kumbukumbu za tawi letu la Alpha Kappa Alpha, ndugu zangu Tanga walidhani nimejiunga na klabu ya starehe. Hapana. Ni sororiti, umoja wa akina dada wa chuoni, na ndiyo ya kwanza kuanzishwa na wanafunzi wanawake Weusi nchini Marekani: Howard University, Washington, tarehe 15 Januari 1908. Kamala Harris alijiunga nayo akisoma hapo hapo, mwaka 1986. Ukihitimu unaendelea katika matawi ya wakubwa, na kutumikia jamii ni wajibu.

Katika kusoma historia hiyo, kilichonishika moyo ni Mradi wa Afya wa Mississippi. Kila kiangazi, kuanzia 1935 hadi 1942, dada zetu wakiongozwa na Dkt. Dorothy Boulding Ferebee walikwenda kusini kuwachanja watoto dhidi ya dondakoo na ndui. Walipoanza, katika wilaya ya Holmes, wenye mashamba ya pamba waliwazuia wakulima wao Weusi kwenda kliniki. Dada wale walipakia dawa kwenye magari wakawafuata huko huko mashambani. Ujasiri ule, katika Mississippi ya wakati ule, bado unanisisimua.

Basi tawi lilipopanga siku ya kupima presha chuoni, niliwasimulia wenzangu kisa hicho kikaoni, kisha nikauliza: akina mama wa Kongo wanaokesha kazini na hawana gari, watafikaje? Wakakubali tuhamie kwenye majengo wanakoishi.

Kwanza niliomba ukumbi kwa meneja wa majengo. Kisha nikamtafuta muuguzi mwenye leseni kutoka tawi la waliohitimu, maana sisi wanafunzi tunaweza kupima lakini ushauri wa tiba si wetu kuutoa. Tulichagua Jumamosi alasiri: wa zamu ya usiku wameshalala kidogo, na Jumapili ni ya kanisa. Viti vilikuwa muhimu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mtu anatakiwa akae ametulia dakika 5 kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea na miguu iko sakafuni.

Fomu niliiandika kwa Kiswahili, bila kuuliza anwani wala hati za uhamiaji. Hilo ndilo lililofungua mlango. Mama mmoja wa Bukavu alisimama pembeni muda mrefu, nikamwendea.

“Mama, karibu ukae. Hatuulizi makaratasi.”

“Kweli? Basi nipime, mwanangu.”

Akaenda kuwaita majirani zake.

Waliofikia 140/90 au zaidi, yaani presha iliyo juu, walizungumza na muuguzi faraghani, nami nikitafsiri, wakaondoka na orodha ya kliniki za gharama nafuu zinazofikika kwa basi. Kila muhula tunapiga simu kuhakikisha namba za kliniki hizo bado zinafanya kazi.