Tahasusi baada ya dumuzi

Leo mimi na kidato cha nne tumejaza selform, fomu ya kuchagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano. Binti ambaye tangu kidato cha kwanza alisema PCB (fizikia, kemia, biolojia), udaktari, basi, ameitanguliza CBG (kemia, biolojia, jiografia). Nilipomuuliza sababu, akajibu: "Mwalimu, bado sijamalizana na dumuzi."

Dumuzi ni mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Mwaka jana yeye na mwenzake walijaribu kuhifadhi mahindi mitungini kwa unga wa majani ya mwarobaini, wakiyalenga maonesho ya Young Scientists Tanzania. Siku ya kuhesabu wadudu waliokufa, mitungi haikukubaliana. Walibishana mpaka wakagundua kuwa mahindi ya mtungi mmoja hayakukaushwa vizuri. Kazi yangu ilikuwa kuuliza tu: mtungi usiotiwa kitu uko wapi? Nani mwingine amehesabu? Majibu niliwaachia, na hapo ndipo nilipomwona akibadilika. Mwenzake, aliyechora grafu zote, amechagua EGM (uchumi, jiografia, hisabati). Maabara ilimchosha, takwimu ndizo zilizomkosesha usingizi. Hayo nayo ni matunda ya utafiti uleule.

Namfikiria sana Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu, uliowekwa kwenye friza ungali moto, ukiganda kabla ya ule uliopozwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakacheka, lakini mgeni akaahidi kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na wanasayansi wanabishania jambo hilo hadi leo.

Mpemba mwenyewe alikwenda kusoma Mweka, chuo cha usimamizi wa wanyamapori, akafanya kazi ya wanyamapori. Wapo wanaosema fizikia ilimpoteza. Siwaelewi. Kijana aliyewahi kupima jambo kwa mikono yake, mbele ya mtu mzima anayemsikiliza, huchagua kazi akijua anachokichagua. Wengi wa wanafunzi wangu huchagua kwa kusikia majina ya kazi tu.

Kinachoniuma ni uchache wa vijana waliopata nafasi ya kupima. Wanafunzi ni mamia. Walimu wa sayansi tunahesabika kwa vidole. Usiku huu naandika barua kwa mabwana shamba wa wilaya na wahadhiri wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kila mmoja achukue japo kikundi kimoja cha wanafunzi akiongoze. Hata kwa simu.