Boksi la plastiki, simu na vipete sita

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika katikati ya mazoezi ya upasuaji na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeinua kichwa. Kila mtu macho kwa simu, mikono kwenye boksi, taa ndogo ya betri inawaka mle ndani. Nilisimama mlangoni na kikombe changu cha chai nikasikia raha mpaka basi, maana mi nilisoma udaktari hapahapa Uganda bila kitu kama hiki.

Kwa wasiojua, upasuaji wa matundu madogo, yaani laparoskopi, hatufungui tumbo zima. Tunatoboa matundu matatu au manne, ya milimita 5 hadi 10 hivi, tunajaza tumbo kaboni dioksidi ili ukuta unyanyuke tupate nafasi, halafu tunaingiza kamera na vifaa virefu vyembamba kama vijiti vya mishikaki na kazi yote unaifanya ukitazama skrini. Mgonjwa kidonda kidogo, maumivu afadhali, anarudi shambani au kwenye boda yake mapema. Ugumu uko kwa mkono wa daktari. Lile tundu linakuwa egemeo, hivo ukisogeza mkono kushoto ncha kule ndani inaenda kulia, ukiinua inashuka. Na skrini ni bapa, haikuonyeshi kina, unadhani umeshika kumbe umeshika hewa. Kichwa kinaelewa siku hiyohiyo, mkono unataka wiki kadhaa.

Mi hayo sikuambiwa. Mara yangu ya kwanza kushika kamera ilikuwa thieta, mama wa watu amelala pale anatolewa mfuko wa nyongo, nikaishika vibaya picha yote ikalala upande, mpasuaji mkuu akanipokonya bila neno. Mama alitoka salama lakini usiku ule sikulala. Hayo makosa yangu yangefanyikia kwenye boksi, si juu yake.

Sasa boksi lenyewe ni la plastiki la kuwekea nguo, tulinunua soko la Owino, Kampala, tukatoboa matundu mawili ya vifaa na dirisha dogo juu ambapo simu inalala ikichukua picha. Vifaa ni vile vilivyochakaa thieta. Ndani kuna ubao wa misumari 12 na vipete sita nilivyokata kwenye mpira. Zoezi tumelitoa kwenye FLS, programu ya mafunzo ya wapasuaji wa Marekani iliyotoka 2004: unainua kipete kwa mkono wako dhaifu, unakipokeza hewani kwa mkono wa pili, unakivika msumari wa upande ule, vyote sita, kisha unavirudisha vyote. Sekunde 300 zikiisha hujamaliza unaanza upya. Baada ya hapo ndo wanakata duara kwenye gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, mwisho kufunga fundo ndani kwa ndani, na hapo watu hutoka jasho.

Kuna binti wa mwaka wa tatu, Mnubi wa mji wa Bombo, siku ya kwanza kaangusha vipete vinne akaniambia, “Dokta, huu mkono umenigomea.” Nikamwambia viwiko karibu na mbavu, usikifukuze kipete, kiendee polepole mpaka ncha iguse ubao ndo ujue kina chako. Wiki ya tatu alimaliza kwa sekunde 270. Bibi yake husuka makawa, na yeye tangu mdogo anasuka bila kutazama vidole, nikimwangalia naona kabisa ule utulivu ulikotoka.

Nimewahi kuona mashine nzima ya laparoskopi imefunikwa shuka kwenye kona, wa kuitumia hayupo, na iliniuma sana. Ndo maana nasema tuanze na wanafunzi mwaka wa tatu, tusingoje mpaka mtu awe daktari bingwa, hata wale watakaoishia kutibu watoto au macho mikono yao itafaidika.

Likizo hii yule binti kaomba aende na boksi moja Bombo. Nimempa, na uzi wa kutosha wa kufanyia mafundo.